Ugonjwa Usiotajwa: Saratani ya Utumbo Mpana na Hatua Zake

SAFU YA AFYA YA JAMAA

Kurasa za harusi, za watoto waliozaliwa na za waliofuzu masomo zimekwisha tangulia, na sasa imefika zamu ya safu hii. Mwaka jana tulizungumza juu ya kisukari na miguu. Mwaka huu nimeombwa na watu watatu, kila mmoja kwa wakati wake na kila mmoja kwa sauti ya chini, niandike juu ya ugonjwa ambao hautajwi mbele za watu kwa sababu ya mahali unapokaa. Ugonjwa huo ni saratani ya utumbo mpana.

Fungueni ukurasa wa marehemu katika vitabu vyetu vya miaka iliyopita. Mtaona mara kwa mara maneno haya: "alisumbuliwa na tumbo", au "aliugua kwa muda mfupi". Tumbo ni neno pana mno. Ndani yake mna vidonda, mna ini, mna kizazi, na mna huo ugonjwa ninaotaka kuueleza leo. Mimi nilianza uuguzi hapa London mwaka 1971, na katika wodi nilizofanya kazi nimewaona watu wa kwetu wakifika na ugonjwa huu wamechelewa, kwa sababu moja tu: waliona haya kusema.

Basi tuanze na ugonjwa wenyewe. Utumbo mpana ni bomba lenye urefu wa kama mita moja na nusu, nalo hupokea mabaki ya chakula kutoka utumbo mwembamba, hunyonya maji, na kuyasukuma mabaki hayo hadi njia ya haja kubwa. Ukuta wake una tabaka kadhaa, kama ukuta wa nyumba wenye chokaa, mawe na udongo. Saratani huanza katika tabaka la ndani kabisa. Mara nyingi huanza kama kinyama kidogo, mfano wa uyoga, ambacho hakiumi wala hakina ubaya. Vingi katika vinyama hivyo hubaki hivyo hivyo maisha yote. Vichache hugeuka, na mgeuko huo kwa kawaida huchukua miaka mingi, pengine 10 au zaidi. Kikigeuka, huanza kuzama ukutani tabaka kwa tabaka, kisha huingia katika tezi zilizo karibu, na mwisho husafiri kwa damu mpaka kwenye ini na mapafu.

Kwa hiyo swali kubwa la daktari, pamoja na "mgonjwa ana saratani?", ni hili: "Imefika wapi?" Jibu la swali hilo ndilo linaloitwa hatua ya ugonjwa. Na wengi wetu hatujui kwamba njia ya kulijibu ilitengenezwa katika mji wetu huu huu.

Mwaka 1835 daktari mpasuaji aitwaye Frederick Salmon alifungua nyumba ndogo ya wagonjwa katika mtaa wa Aldersgate, yenye vitanda 7, kwa ajili ya maskini waliokuwa na maradhi ya njia ya haja kubwa. Hata watu mashuhuri walimwendea Salmon. Mwandishi Charles Dickens alipasuliwa naye mwaka 1841, na wakati huo dawa ya usingizi ilikuwa bado haijapatikana. Mwaka 1854 hospitali ilihamia barabara ya City Road, na ikajulikana kwa jina la St Mark's. Waliokaa pande za Islington miaka ya zamani watalikumbuka jengo lake. Mwaka 1995 ilihamia Northwick Park, Harrow, na katika miaka ya karibuni shughuli zake zimepelekwa Central Middlesex, Park Royal, karibu na jamaa zetu wengi wa Wembley na Harlesden.

Mwaka 1922 alifika St Mark's daktari wa maabara, Cuthbert Dukes. Kazi yake haikuwa kupasua. Kila utumbo uliokatwa na wapasuaji ulipelekwa kwake, naye aliunyoosha, akautazama kwa hadubini, na akazitafuta tezi zake moja moja kuona ipi imeingiwa na saratani. Kisha, na hili ndilo jambo la maana, aliwafuatilia wenye matumbo hayo kwa miaka ili ajue nani yu hai na nani amekwenda. Mwaka 1932 alichapisha mpango wake juu ya saratani ya mwisho wa utumbo, akaigawa kwa herufi tatu. A ni ile iliyomo ndani ya ukuta tu. B ni ile iliyoutoboa ukuta lakini haijafika kwenye tezi. C ni ile iliyofika kwenye tezi.

Mpango huo ni mwepesi hata mtoto wa shule ataufahamu, lakini tazameni hesabu yake. Mwaka 1958 Dukes na msaidizi wake Bussey walichapisha matokeo ya wagonjwa wa miaka mingi. Ukiwaweka kando waliokufa kwa sababu nyingine, katika kila wagonjwa 100 wa A waliopasuliwa, karibu 98 walikuwa hai baada ya miaka 5. Wa B walikuwa kama 78. Wa C walikuwa 32. Mji ni ule ule na hospitali ni ile ile. Tofauti kubwa ilikuwa ugonjwa umefika wapi siku ulipokamatwa.

Baadaye wengine waliongeza herufi ya D, kwa ugonjwa uliokwisha hamia mbali. Siku hizi hospitali nyingi hutumia mpango mwingine, uliotokana na kazi ya Mfaransa Pierre Denoix miaka ya 1940, wenye herufi T, N na M. T hueleza uvimbe umezama kiasi gani, N hueleza tezi ngapi zimeingiwa, na M hueleza kama umehamia mbali. Zikijumlishwa hupatikana hatua ya 1 mpaka ya 4. Hapa England leo, wanaokutwa katika hatua ya 1, zaidi ya 90 katika 100 wako hai baada ya miaka 5. Wanaokutwa katika hatua ya 4 ni kama 10 tu. Dawa zimeendelea sana tangu siku za Dukes, lakini ngazi yake ingali imesimama.

Sasa, hatua hiyo hujulikanaje kwa mtu aliye hai? Kwanza hutiwa mpira mwembamba wenye taa na kamera kwa njia ya haja kubwa, ukapita utumbo mzima. Mpira huo una historia yake hapa London pia, kwa kuwa mwaka 1954 Harold Hopkins na Narinder Kapany wa Imperial College walionyesha jinsi picha inavyoweza kupita katika fungu la nyuzi za kioo hata likipindwa. Daktari akiona kinyama, hukiondoa papo hapo, na pengine saratani imezuiwa kabla haijazaliwa. Akiona uvimbe wa kutia shaka, hukata kipande kidogo kipelekwe maabara. Saratani ikithibitika, mgonjwa hupigwa picha za kifua na tumbo zima kuona kama ini na mapafu ni salama.

Ikiwa uvimbe uko sehemu ya mwisho, karibu na njia ya haja, huongezwa picha ya mashine ya sumaku, ile ya MRI. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2006, ambao Dk. Gina Brown wa hospitali ya Royal Marsden alikuwa miongoni mwa viongozi wake, ulionyesha kwamba picha hiyo huweza kutabiri kabla ya upasuaji kama kisu kitapita mahali safi. Kama uvimbe umekaribia mno mpaka wa kukatia, mgonjwa huanza kwa mionzi au dawa ili upungue kwanza. Baada ya upasuaji, daktari wa maabara huendelea na kazi ile ile ya Dukes, naye anatakiwa achunguze tezi zisizopungua 12, maana akitazama chache anaweza kumwambia mgonjwa ni mzima na kumbe sivyo.

Basi jamaa anapoambiwa ana saratani, msiishie hapo. Muulizeni daktari kwa adabu: "Ni hatua ya ngapi? Mmeipimaje? Bado kipimo gani?" Hatua ndiyo inayoamua kama atapasuliwa tu, au atapasuliwa na kupewa dawa kali baadaye, au ataanza kwa dawa. Na mkumbuke kwamba hospitali hutoa mkalimani bila malipo. Msimpe mjukuu wa miaka 13 kazi ya kumtafsiria bibi yake habari kama hizi.

Najua wako watakaosema, "Huu ni ugonjwa wa Wazungu; kwetu haukuwapo." Maneno hayo yana asili yake. Dk. Denis Burkitt, mtu wa Ireland, alifanya kazi ya upasuaji Uganda tangu 1946 hadi 1966, miaka mingi akiwa Mulago, Kampala. Alipohamia London aliendelea kuziandikia hospitali za misheni barani Afrika akiuliza maradhi waliyoyaona. Katika maandishi yake ya mwaka 1971 alieleza kwamba saratani ya utumbo ilikuwa adimu kwa Waafrika wa mashamba na nyingi kwa watu wa Ulaya na Marekani, na akaona chanzo ni chakula. Watu wa mashamba walikula mtama, kunde, mboga na ndizi, vyenye makapi mengi, na choo chao kilikuwa kingi na chepesi kupita. Yeye pamoja na Dk. Hugh Trowell, aliyekuwa naye Mulago, ndio waliowafanya Waingereza wazungumze habari za pumba za ngano mezani.

Alilosema Burkitt lina ukweli, ingawa wakati ule wazee walikuwa wachache na vipimo vilikuwa vichache, kwa hiyo wako waliokufa bila kujulikana. Lakini angalieni: hakusema kwamba damu yetu ina kinga. Alisema chakula. Wajapani waliohamia Hawaii walianza kuupata ugonjwa huu kama wenyeji wao wapya. Na mwaka 2015 ulichapishwa utafiti ambamo Wamarekani weusi 20 wa Pittsburgh na watu 20 wa mashamba ya Afrika Kusini walibadilishana vyakula kwa wiki 2 tu. Katika muda huo mfupi, ngozi ya ndani ya utumbo ilibadilika: ya Wamarekani ikawa bora, na ya Waafrika ikawa mbaya zaidi. Sisi tuliokaa hapa miaka 40 na 50 tukila mkate mweupe, chipsi na soseji tumekwisha badilishana chakula zamani.

Na kwetu nako kumebadilika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, ukitazama wagonjwa wa Muhimbili na wa Ocean Road, Dar es Salaam, tangu 2005 hadi 2015, ulionyesha idadi ikipanda sana. Wagonjwa wengi nyumbani hufika hospitali ugonjwa ukiwa umekwisha enea, kwa kuwa mpira wa kamera haupatikani kila mahali na maabara ni chache. Hapa nina nasaha kwa wale tunaochangishana. Kila mwaka tunakusanya pesa kumpeleka jamaa India. Kabla ya kukata tiketi, iulizeni familia: Je, kipande kimepelekwa maabara? Je, picha za ini na mapafu zimepigwa? Nimeona pesa nyingi zikiruka baharini na mgonjwa akirudishwa kwa jibu ambalo lingepatikana Dar es Salaam au Nairobi. Pesa za kwanza ziende katika kujua hatua.

Turudi hapa England. Tangu mwaka 2006 serikali huwapelekea watu kipimo kwa posta. Ulianza mpango huo kwa wenye umri wa miaka 60 na zaidi, kisha umri ukashushwa pole pole, na sasa kila aliyejiandikisha kwa daktari wa mtaa, mwenye miaka 50 hadi 74, hupelekewa kila baada ya miaka 2. Aliyepita 74 anaweza kupiga simu akaomba. Zamani mtu alitakiwa kupaka kadi kwa choo cha mara tatu mbalimbali, na kwa kweli ilichosha. Tangu 2019 kimekuja kichupa kidogo chenye kijiti katika kifuniko. Unagusa choo chako mara moja kwa kijiti, unakirudisha, unaandika tarehe, unatia katika bahasha iliyokwisha lipiwa, basi. Maabara hutafuta damu ambayo jicho haliioni. Katika watu 100, karibu 98 huambiwa hawahitaji kipimo zaidi. Waliobaki huitwa kwa mpira wa kamera, na wengi wao pia hukutwa hawana saratani.

Lakini hesabu za England zimeonyesha mara kwa mara kwamba London ndiko watu wanakorudisha vichupa kwa uchache. Na sisi tumo. Mjomba wangu, Mungu amrehemu, aliona damu chooni karibu mwaka mzima, akajiambia ni bawasiri. Alipokuja kusema, ugonjwa ulikuwa umeshika ini. Tulipokuwa tukipanga vitu vyake tulikuta bahasha mbili za kipimo katika mtoto wa meza, hazijafunguliwa. Alikuwa mtu msafi, wa heshima zake, na barua yenye habari za choo aliiona kama matusi.

Kwa ajili yake nayajibu niliyoyasikia. Wako wasemao ni najisi. Sisi ndio tuliowatawaza watoto wetu na wazee wetu. Maji na sabuni yapo. Wako wanawake waonao haya kuvuliwa nguo mbele ya mwanamume. Ombeni mapema mpewe daktari au muuguzi wa kike, na mtapewa suruali maalumu yenye nafasi nyuma, mwili wote umesitirika. Wako waogopao maumivu. Hupewa dawa ya kutuliza. Linalosumbua zaidi ni siku ya kabla, kwa sababu hunywewa dawa ya kusafisha tumbo kama haluli ya bibi zetu, na mtu hakai mbali na msala. Mwenye kisukari amweleze muuguzi dawa zake zote kabla. Ikiwa tarehe imeangukia Ramadhani, simu moja yatosha kuisogeza.

Na liko jambo ambalo wengi hawalijui. Kipimo cha posta ni cha mtu asiyejisikia chochote. Mwenye dalili asikingoje, wala asijitulize kwa kusema, "Mwaka jana nilijibiwa salama." Dalili zenyewe ni hizi: damu chooni, choo kubadilika kwa wiki kadhaa kikawa cha kuharisha au cha kufunga, uvimbe au maumivu ya tumbo, kukonda bila sababu, na upungufu wa damu unaomfanya mtu achoke kwa ngazi chache. Mwenye haya aende kwa daktari wa mtaa, awe na miaka 70 au 35, maana vijana nao wanaupata zaidi kuliko zamani. Daktari atampa kichupa cha namna ile ile, lakini hapa kiasi kidogo zaidi cha damu hutosha kumpeleka mbele.

Nimalize na jambo linalohusu kitabu chetu hiki. Mwaka 1924 daktari mpasuaji wa St Mark's, J. P. Lockhart-Mummery, alianzisha daftari la koo ambazo watu wake huota vinyama kwa mamia tumboni, wakapata saratani wangali vijana. Bussey, aliyeingia maabara akiwa kijana wa miaka 17, alilitunza daftari hilo kwa miaka mingi, akichora shajara: huyu mtoto wa huyu, huyu amepata, huyu bado. Watoto wa koo hizo waliitwa wapimwe mapema, na wengi wakaokoka kwa sababu jina la babu yao na ugonjwa wake viliandikwa. Maradhi ya kurithi ya namna hii ni machache. Lakini hata katika familia nyingine, mtu ambaye mzazi au ndugu yake aliupata ugonjwa huu, hasa kabla ya miaka 50, hapana budi amweleze daktari.

Sisi nasi tuna shajara, kurasa 14 nyuma ya kitabu. Tunaandika nani alimwoa nani, na nani alizaliwa Mombasa, Unguja au Hammersmith. Nawaomba wakuu wa nyumba, kwa kitabu cha mwaka ujao, mlete pia marehemu alifariki kwa ugonjwa gani na akiwa na umri gani, kwa jina lake la kweli. Asiyetaka lichapwe, nitaliweka katika daftari langu, na wajukuu wake watakapouliza watapata jibu.

Na wale wenye miaka 50 na zaidi, nitawapigieni simu mmoja mmoja baada ya sikukuu, kama kawaida yangu, kuuliza kama kichupa kimerudishwa posta. Msinifiche.

Wasalaam,
Shangazi yenu wa Safu ya Afya, London